Fulana za Mabingwa Walioshindwa

Kariakoo, Dar es Salaam
2 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu unaokusumbua wakati wa mvua umetulia. Mimi sijambo, ila shingo na mabega unayajua, kazi ya kubeba haina jioni. Nakula, nalala, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ninachotaka kukuuliza hakiulizwi kwenye simu ya Zakayo. Tangu simu yako ilipokufa, kila nikipiga dukani kwake anaweka spika, na benchi zima la wanywa kahawa linatusikiliza. Juzi niliuliza habari za afya yako, akajibu mtu ambaye hata simjui: "Mama yako ananenepa tu, wewe tuma hela."

Mama, redio ya godauni inasema Wamarekani wamesimamisha misaada. Rais wao mpya kaingia na kuweka sahihi siku ileile. Wanataja na dawa. Zile zako, tunazoziita njugu tukiwa mbele za watu. Nilikuwa na mzigo mgongoni, nikasimama katikati ya mlango. Nurdin akaja nyuma yangu na mzigo wake: "We Mmakua, umekuwa nguzo? Pisha." Nikamwambia nimeteguka. Nurdin ni mwenzangu wa kazi, mtu wa Lindi, tunataniana kutwa, lakini hilo halijui na sitamwambia.

Nikueleze na kazi yenyewe, maana hujawahi kuniuliza vizuri. Mitumba inatoka Marekani imebanwa kwa mashine mpaka robota moja linakuwa gumu kama gogo. Tunashusha kwenye lori, tunaingiza kwenye godauni la Mzee Chandu, nyuma ya Mtaa wa Kongo. Halafu mimi ndiye mkataji. Nakata mikanda kwa koleo, nguo zinavimba zenyewe kama kifua cha mtu aliyekuwa amezuia pumzi. Na tuna desturi: cha mfukoni ni cha mkataji. Hakuna koti linalopita mikononi mwangu bila mkono kuingia mfukoni kwanza. Nimeshapata tiketi za mpira, picha ya mbwa aliyevalishwa sweta, hata meno ya bandia. Nurdin aliyajaribu.

Siku ile ya redio nilikata robota la nguo za miaka ishirini nyuma. Ndani kulikuwa na fulana za uchaguzi wao wa mwaka 2004, za chama hiki na za chama kile, zimegandamizwa pamoja shavu kwa shavu. Moja ina jina la rais wa wakati ule. Nikakaa nayo mkononi. Mwaka 2004 ndio Baba alikufa, na wewe ulikuwa unapelekwa hospitali kwenye baiskeli, mimi nimekushika kwa nyuma usianguke. Kisha dawa za yule rais zikaja, na ukutani kwenye kliniki wakabandika kibao chenye bendera ya nyota. Korosho zilipoanza kuanguka ulikuwa umesimama na unanichapa tena.

Nikaivaa ile fulana. Nurdin akasema, "Vua hiyo. Huyo ndiye aliyeipiga Iraki." Nikamjibu fulana ni fulana. Ningemwambia nini kingine? Kwamba watu wa Iraki wana mtu waliyempoteza kwa yule rais, na mimi nina mtu niliyerudishiwa?

Nijibu ukweli, Mama. Kliniki wanasemaje? Zimebaki za kukufikisha wapi? Usiniandikie "usijali." Barua yako mpe Abdulmajid, kondakta wa basi letu, nitampokea stendi Mbagala.

Mwanao,
Filbert


Masasi Vijijini
17 Februari 2025

Kwa mwanangu Filbert,

Marahaba baba. Barua yako nimeipata, nimeisoma nimekaa juu ya kinu, mlango umefungwa asiione mtu. Mimi ni mzima wa afya. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika kiunoni, nguruwe pori wamekuja mara moja tu. Mguu unauma lakini mguu ni wa kwangu, tumezoeana.

Umesema nisiandike usijali. Basi jali kidogo.

Kliniki hawajafunga. Ila watu wamepungua, nasema wale wahudumu. Unamkumbuka Nasma, yule binti aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutukumbusha, anajifanya anauza sabuni ili majirani wasielewe? Kaambiwa asije tena, aliyekuwa akimlipa hayupo. Sasa anauza sabuni kweli. Na mimi nilizoea kupewa za miezi mingi kwa mara moja, safari hii nikapewa za mwezi. Nesi kaniambia, "Mama Leticia, njoo tena mwezi ujao, tutaona." Hilo neno "tutaona" ndilo lililonikalia kifuani. Miaka yote hii hajawahi kuniambia tutaona.

Niliuliza pale foleni, hawa watu tumewakosea nini? Mzee mmoja akasema hatujawakosea kitu, wao wenyewe kwa wenyewe wanagombana, sisi tumo katikati kama nyasi za njiani. Sasa nikuulize wewe unayezifahamu nguo zao. Yule aliyezileta dawa na huyu aliyezizuia, wamechaguliwa na watu walewale? Maana kama ni walewale, basi wana mioyo miwili, na mtu wa hivyo simwelewi.

Lakini usifikiri mama yako amekaa tu. Mimi kubana najua. Unakumbuka miaka ile ya kuchimba mizizi ya ming'oko porini, unga wa wiki nikiufanya wa mwezi, na hakuna aliyekufa nyumbani kwangu kwa njaa? Basi na hizi nazibana hivyo hivyo. Leo nameza, kesho napumzika. Mwili umeshazizoea miaka ishirini, hautagundua. Wakisema hazipo, mimi nitakuwa nazo kwenye kopo wakati wenzangu wanalia.

Hiyo fulana ya rais usiivae, watu wasije wakakupiga. Ukipata nzuri ya mpira, niletee mimi ya kulalia.

Nakuombea kila ukibeba.

Mama yako,
Leticia


Kariakoo
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, ila tangu niliposoma barua yako sina raha, nitakuambia kwa nini, na naomba usikasirike mpaka umalize.

Fulana ya mpira nimekupatia, na ina habari yake. Tulikata robota tukakuta fulana nyingi za aina moja, mpya kabisa, hazijavaliwa hata siku moja. Zimeandikwa kwamba timu fulani ni mabingwa wa Marekani wa mwaka 2008. Ule mpira wao wa kushika kwa mikono, wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mbuzi dume. Nikamuuliza Mzee Chandu, yeye ndiye tajiri wetu na amekuwa akiagiza marobota tangu mimi sijazaliwa: mbona mabingwa hawakuvaa nguo zao?

Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Filbert, hao hawakuwa mabingwa. Walifungwa."

"Walifungwaje na imeandikwa wameshinda?"

"Kule wanachapisha za timu zote mbili kabla ya mchezo. Kipenga kikilia, washindi wanavaa palepale uwanjani. Za walioshindwa hazitakiwi kuonekana kwao hata moja. Basi zinagawiwa nchi za mbali, nyingine ndiyo hivyo zinaangukia kwenye marobota."

Nurdin akasema, "Kwa hiyo kule wameshindwa, huku Kariakoo wameshinda."

"Huku wameshinda," Mzee Chandu akasema, "mpaka fulana ichanike."

Wote tulicheka. Mimi nilicheka halafu nikaacha. Nikafikiri, na mama yangu amejichapishia ushindi kabla ya mchezo. Ameniandikia kwamba yeye atakuwa nazo wakati wenzake wanalia.

Mama, nilikwenda kliniki moja huku Ilala, nikamwambia nesi nina ndugu yangu anabana dawa. Hakunicheka. Alisimama akafunga mlango. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: unga ukiubana unabaki unga, lakini hizi sivyo. Mdudu analala kwa sababu kila siku anapigwa. Ukiruka siku, anaamka. Akiamka mara nyingi anaizoea ile dawa, na akishaizoea, hata zikirudi gari zima, hazimfanyi kitu. Alisema afadhali mtu anayemeza kila siku mpaka ziishe akaenda kuomba nyingine, kuliko anayezibana. Nilimuuliza na akishabana mwezi mzima? Akasema, "Aje apimwe damu. Leo, si kesho."

Basi acha kubana. Ukiisoma hii, meza ya leo leo, na ya kesho kesho. Nenda kamwambie nesi wako ukweli. Zikiisha nitajua mimi, nitalala mlangoni kwa watu kama ni lazima.

Barua hii simkabidhi Abdulmajid mkononi. Bahasha ya mkononi safari nzima inapita kwa madereva na matandiboi, na wanasoma. Naifunga ndani ya mzigo pamoja na fulana na koti la baridi ya Juni. Nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Yeye nitamwambia ni nguo za Pasaka tu, asipate hamu ya kufungua.

Tafadhali, Mama.

Mwanao,
Filbert


Masasi Vijijini
30 Machi 2025

Mwanangu Filbert,

Hujambo baba? Huku tupo. Mvua imezidi, daraja la bondeni limeliwa upande mmoja, mabasi yanapita kwa kubahatisha. Mahindi mabichi tumeanza kuchoma, nimekukumbuka.

Mzigo umefika, asante sana. Abdulmajid kaniambia, "Mama, mwanao kasema nguo za Pasaka." Nikafurahi kwamba Dar haijakusahaulisha. Unajua nyumbani kwetu nguo ya Pasaka haifunguliwi kabla ya Pasaka. Baba yako ukimfungulia mapema alikuwa anaona umemharibia mwaka. Nimeutia sandukuni ulivyofungwa, na majani ya mwarobaini juu wadudu wasiingie. Kila nikipita naugusa. Ni laini.

Ila nimekununia kidogo. Nguo umetuma, neno hukutuma. Nilimuuliza Abdulmajid mara mbili, barua iko wapi, akasema hakupewa. Mimi nilikujibu kurasa zangu, nikakuuliza maswali, wewe kimya. Mkono wa kubeba umechoka kuandika? Au nimeuliza mambo ya wakubwa?

Habari ya njugu ni nzuri. Mwezi huu wamenipa za mwezi tena, na mimi naendelea na mpango wangu, kopo linajaa badala ya kupungua. Wangekuwa wote wanabana kama mimi, hao Wamarekani wasingetusumbua.

Kuna jambo dogo. Upele umenitoka ubavuni, umezunguka kama mkanda kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, unachoma kama nimemwagiwa uji wa moto. Zakayo kasema ni buibui kanikojolea. Nimepaka majivu. Kanga yenyewe ikigusa naona nyota. Na chakula hakinivutii, lakini hiyo ni mvua.

Niandikie basi, hata mistari miwili.

Mama yako


Kariakoo
8 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Sitauliza habari, unisamehe.

Fungua sanduku. Fungua mzigo sasa hivi. Mfuko wa ndani wa koti kuna barua yangu, ipo hapo tangu mwezi uliopita. Mimi mjinga. Huku hakuna mtu anayeshika koti bila kuingiza mkono mfukoni, nikasahau kwamba mikono hiyo ni yetu sisi wa godauni. Na mimi mwenyewe ndiye niliyesema Pasaka.

Acha kubana. Maelezo yamo mfukoni, lakini hilo shika hata kabla hujayasoma.

Ule upele naukumbuka, Mama. Ulikuwa nao mwaka ule wa baiskeli, ubavu uleule. Nilikuwa nakupepea na mfuniko wa sufuria. Si buibui.

Barua yako ilipofika nilipiga kwa Zakayo palepale, nimesimama kati ya magari Msimbazi. Sikuweza kusubiri. Alipokea, na nikasikia benchi lote.

"Zakayo, niitie Mama."

"Mama hayupo, kaenda kupumzika. Anaumwaumwa. Sema hapa, tunakusikia."

"Toa spika."

"Spika haitoki, simu hii ina ubovu wake. Sema tu, nani atakula maneno yako?"

Nikamwambia, "Mwambie asisubiri Pasaka. Afungue ule mzigo leo. Aangalie mfuko wa koti."

Halafu nikasikia sauti ya mwanamke kwa nyuma, "Ehee, kuna hela mfukoni," na wengine wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Twende tukamsindikize, asije akaanguka nazo njiani."

Nilikata simu. Wakikufikia kabla hujajua, wakashika koti wao, wakaisoma barua, kijiji kizima kitajua tuliyoyaficha miaka ishirini. Sijui kama nimekuokoa au nimekutangaza. Nimepiga tena mara nyingi, simu haipatikani.

Nurdin ananiuliza, "Una nini siku hizi? Juzi umekata mkanda ukasahau kulikwepa robota, limekuangukia mguu." Nikamwambia usingizi.

Hii naituma kwa lori la simenti, basi linalala njiani kwa sababu ya daraja. Sijui itafika lini. Ukiipata, jibu. Andika hata jina lako tu, nijue mkono unaandika.

Mwanao,
Filbert


Masasi Vijijini
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mwanangu mpendwa Filbert,

Marahaba, marahaba, za barua zote mbili. Ya lori la simenti imefika juzi, imelowa na nusu ni unga mweupe, lakini nimeisoma. Bwana amefufuka. Mkono unaandika, kama unavyoona.

Nikupange vizuri kilichotokea.

Siku uliyopiga simu walikuja wanawake watatu, mke wa Zakayo mbele, anatabasamu kama aliyekuja kuposa. "Mama Filbert, mwanao kapiga. Fungua mzigo, kuna kitu mfukoni." Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, ubavu unawaka. Nikasema ahsanteni, Pasaka haijafika. Wakasema mwenyewe kasema leo. Nikasema huyo mwenyewe nimemzaa mimi, hanipangii Pasaka. Wakakaa. Nikawapikia uji. Wakanywa, wakakaa. Nikaanza kuwahadithia habari za mguu wangu tangu ulipoanza, kila mganga na kila jani. Mke wa Zakayo ndiye aliyesimama wa kwanza.

Walipoondoka nilifunga mlango nikafungua sanduku. Nilitia mkono mfukoni kama ulivyosema. Filbert, mimi nilikununia mwezi mzima na maneno yako yalikuwa yananingoja humo, chini ya mwarobaini, na kila siku nilikuwa nayagusa kwa juu.

Niliisoma nikakaa palepale mpaka kuku wakaingia wenyewe. Nikamwaga lile kopo juu ya mkeka. Zilikuwa nyingi. Nilikuwa najivunia wingi wake, na kumbe kila kidonge nilichokiona pale ni siku niliyomwamsha mdudu mwenyewe. Mimi niliwashindia njaa watu wa nyumba hii kwa kubana. Sikujua kuna kitu duniani ambacho ukikitunza kinakuua.

Asubuhi yake nilikwenda. Nilimwambia nesi yote. Nilijua atanifokea, nilitaka anifokee. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Mama Leticia, wewe ni wa nne wiki hii." Ule upele kanipa dawa yake, unapoa. Wamechukua damu, imekwenda mjini kupimwa. Tunataka kujua kama mdudu ameizoea dawa au bado. Majibu yanachelewa siku hizi, watu wa kuyabeba wamepungua. Nameza kila siku sasa, nikisikia adhana ya msikiti wa bondeni nameza. Usimwambie katekista.

Jana Pasaka nilivaa fulana yako juu ya gauni. Katekista kaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia mabingwa. Mabingwa wa nini? Nikamwambia bado mpira unaendelea. Sikumwambia habari ya Mzee Chandu. Lakini nilipokuwa nimepiga magoti niliwaza wale vijana wa Marekani, siku ile, fulana zao zimeshakunjwa ndani ya sanduku pembeni mwa uwanja, na wao hawajui.

Ninaogopa, mwanangu. Sikuogopa hivi mwaka ule wa baiskeli, wakati ule nilikuwa sijui kuna kupona. Sasa najua utamu wake.

Tufanye hivi. Majibu yakiwa mazuri, nitakwenda kwa Zakayo nikupigie, spika wazi, benchi lote lisikie. Nitasema tu timu yetu imeshinda, wataona bibi kachanganyikiwa na mpira. Yakiwa mabaya, nitaandika. Mabaya siyasemi mbele za watu.

Kwa hiyo usinitumie barua za maswali. Kaa karibu na simu.

Mama yako,
Leticia


Kariakoo
25 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Umesema nisiulize, siulizi. Nakujulisha tu kwamba simu nimeifunga shingoni kwa kamba kama kitambulisho, na ninapobeba naigeuzia kifuani. Nurdin ananiita Bwana Meneja. Ikilia nashusha mzigo popote, hata katikati ya Kongo, machinga wananitukana mpaka ukoo wangu. Mpaka leo wamepiga watu wa bahati nasibu, na mtu wa Tandika anayemtafuta Mwajuma.

Fulana za rais wa 2004 zimeisha, wamezinunua mafundi gereji. Za mpinzani wake aliyeshindwa zimeisha vilevile, bei ileile. Sasa tunakata marobota ya miaka ya baadaye kidogo. Wanamieleka wao, waimbaji wao, wagombea wengine. Zamani nilikuwa naziona ni nguo tu. Sasa kila nikiona jina la mgombea naishika, najiuliza, huyu naye angetufanyaje sisi? Mtu hajawahi kusikia jina la kijiji chetu, na pumzi yako iko kwenye kalamu yake.

Kula, hata kama hakivutii.

Mwanao,
Filbert


Kariakoo
15 Juni 2025

Mama,

Shikamoo.

Leo asubuhi nilikwenda stendi Mbagala kumpokea Abdulmajid, si kwa lolote, nilitaka tu kumuuliza kama alikuona. Aliniona kwa mbali akainua mkono, na mkononi alikuwa na bahasha. Nikageuka nikajifanya simtafuti yeye. Akanifuata mpaka kwa wauza machungwa. "We Filbert, unamkimbia nani? Mama yako huyu." Akanitia mkononi.

Ina mwandiko wako. Umeandika jina langu kwa herufi kubwa, kama unavyoandika kwenye magunia ya korosho.

Nilipiga kwa Zakayo. Simu ni nzima, Mama. Nilitamani iwe imekufa, ningepata la kusema. Akaniambia, "Mama yako alifika hapa juzi. Alikaa benchi. Akaniomba maji, akauliza kupiga Dar ni kiasi gani, akakaa tena, halafu akaondoka." Nikamuuliza alikuwaje usoni. Akasema, "Sura ya Mama Leticia utaisoma wewe? Alivaa ile fulana ya mabingwa." Nikamuuliza benchi lilikuwa na watu wengi? Akasema limejaa, kulikuwa na mpira redioni.

Basi tangu asubuhi nahangaika na hayo. Labda hukuwa na hela ya kupigia. Labda uliona aibu, kelele zilizidi, ukaona uandike tu hata kama ni nzuri. Labda umesahau tulivyokubaliana, umeandika kuniomba chumvi na sabuni. Wewe hujawahi kusahau kitu, lakini nayaandika hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kukata na kufungua. Nimefungua marobota ambayo wanaume watatu wameshindwa kuyalegeza. Bahasha hii haina hata gundi ya maana, nimeishika tangu asubuhi, kidole kinafika kwenye ukingo kinarudi. Nimeelewa sasa ulivyokuwa unaugusa ule mzigo kwa juu. Ikiwa imefungwa, mpira bado unaendelea.

Nilimwambia Mzee Chandu nahitaji kwenda nyumbani. Akauliza kuna msiba? Nikamwambia sijui. Aliniangalia, akaiona bahasha. Akasema, "Nenda. Marobota yatakungoja, hayana pa kwenda." Nurdin nilimwambia yote, Mama. Nisamehe. Ilinitoka tu tukiwa tumekaa kwenye mkokoteni. Akasema dada yake naye anameza, Lindi, na yeye alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Miaka yote tunabeba pamoja. Ndiye aliyeninunulia tiketi.

Napanda basi la alfajiri. Barua hii siitumi, nakuja nayo mwenyewe. Nimevaa koti, nimeweka yako mfuko wa ndani, hii nitakupa mkononi uisome kwanza. Nikifika sitasema kitu. Usinipe maji, usiniulize safari. Tia mkono mfukoni, wewe ndiye mkataji, uifungue mbele yangu na unisomee, mlango umefungwa, nikiwa nimekushika kwa nyuma.

Mwanao,
Filbert